Mayai Saba ya Bi Mwanakombo

Nchi ya Maridhia ipo. Wanaoijua hawana haja ya kuelekezwa, na wasioijua wasijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa maana ramani za nchi hiyo huchapishwa na Wizara ya Habari, na Wizara bado haijaamua bahari ipite upande gani. Ni nchi njema. Mvua hunyesha, watu huoana, na kila asubuhi redio huwaeleza wananchi jinsi walivyolala vizuri.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Shukurani, aliishi mwanamke jina lake Sikudhani, na mumewe Mbaruku, na binti yao wa miaka tisa, Kibibi. Mbaruku alikuwa karani wa posta, mtu mpole mwenye imani kubwa na redio; wimbo wa taifa ukipigwa alisimama wima hata kama yuko bafuni na povu kichwani. Mwaka ule mishahara ya makarani ilipumzishwa. Haikukatwa, tafadhali. Serikali ya Maridhia haijawahi kukata mshahara wa mtu. Ilitangazwa tu kwamba mishahara imefanya kazi miaka mingi bila likizo, kwamba imechoka, na kwamba itarudi kazini ikishapata nafuu.

Sikudhani hakungoja irudi. Alikaa jikoni akatazama kila kitu kinachotoka dukani na kuingia mlangoni mwake, akajiuliza ni kipi ambacho mikono yake haikiwezi. Akaanza na siki, akaitoa kwenye maganda ya nanasi. Akaja kwenye achari, akaja kwenye unga, akayatoa uvunguni mawe ya kusagia ya marehemu mama yake. Pazia la sebuleni likawa sare ya shule ya Kibibi, na masalio yake yakawa mfuko wa madaftari. Mbaruku naye, asije akaonekana mzigo, akajichongea makatambuga kwa tairi kuukuu. Yote mawili yakatoka ya mguu wa kushoto. Akayavaa hivyo hivyo kwenda posta, akisema mguu wa kulia utazoea.

Lakini kilichompa Sikudhani jina ni sabuni. Alikausha maganda ya ndizi, akayachoma, akayachuja majivu yake kwa maji, akachemsha yale maji pamoja na mawese huku akikoroga kwa mwiko mpaka bega likamuuma. Ya kwanza ilitoka uji. Ya pili ilimchubua Mbaruku mgongo. Ya tatu ilinuka hata paka akahamia kwa jirani. Ya nne ikashika. Aliitia mchaichai, tena akauzidisha kwa furaha, ikatoka miche mizuri ya rangi ya kahawia yenye harufu ya chai ya asubuhi.

Mche wa kwanza haukutumika nyumbani. Uliwekwa kwenye sahani, ukafunikwa kwa kawa, Kibibi akaupeleka nyumba ya pili kwa Bi Mwanakombo. Ungepelekwa kwa nani mwingine? Kibibi alipozaliwa, Sikudhani alilala na homa ya uzazi siku arobaini, hajitambui, na Mwanakombo, ambaye naye alikuwa na mtoto mchanga, akawanyonyesha wote wawili, huyu kulia na yule kushoto, bila kuombwa na mtu. Tangu siku hizo Sikudhani alimwita dada, na hakulitamka neno hilo kwa ajili ya adabu tu.

Na watu wa mtaa wa Shukurani walikuwa na tabia moja. Sahani ya mtu hairudi kwake tupu. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo. Mtu hukua akikuta ndivyo. Ukiletewa chapati, sahani itarudi na maembe. Huna maembe, utaweka limau. Huna limau, utaweka hata chumvi kidogo, mradi mwenye sahani asifunue akakuta weupe wa bati. Basi sahani ya Sikudhani ikarudi na mayai saba. Alipompelekea sabuni Mzee Shomvi, muuza mkaa, ikarudi na kopo la mkaa. Kwa Bi Nyange, mjane, ikarudi na fungu la mchicha. Sahani zikawa zinapita mtaani asubuhi na jioni, na hakuna aliyezihesabu.

*

Siku moja redio ikanyamaza kidogo, kama afanyavyo mtu anayetaka kusema jambo kubwa, kisha akasikika Mlezi Mkuu wa Taifa mwenyewe.

"Ndugu wananchi," alisema, "kununua ni ugonjwa! Dalili yake ya kwanza ni mkono kuingia mfukoni. Mataifa makubwa yameshindwa kupata dawa yake. Sisi tumeipata, na dawa yenyewe ni mfuko mtupu! Kwa hiyo natangaza mwaka huu kuwa Mwaka wa Jitengenezee. Kila kaya ijitengenezee! Mimi mwenyewe, kiongozi wenu, leo asubuhi nimejifunga tai kwa mikono yangu miwili!"

Makofi yalipigwa kwa muda wa robo saa. Wizara ya Kujitosheleza ilieleza baadaye kwamba makofi hayo yalitengenezwa nchini.

Mbaruku alilia. "Mke wangu," alisema, "umesikia? Anatuzungumzia sisi! Amejuaje?"

"Hajui," alisema Sikudhani, lakini moyoni alifurahi. Ni vigumu kuchukia kusifiwa, hasa ikiwa ulianza jambo kwa sababu ya dhiki na sasa unaambiwa ulikuwa ni uzalendo.

Baada ya wiki mbili akaja Bwana Fumbwe, Afisa Mkadiriaji wa Majiko, Daraja la Kwanza. Alifuatana na wasaidizi watatu: mmoja amebeba jalada, mmoja amebeba kalamu, na wa tatu amebeba kiti cha Bwana Fumbwe, maana viti vya wananchi vilikuwa havijapitishwa. Alionja siki akakunja uso kizalendo. Aligusa mawe ya kusagia. Alitazama makatambuga ya Mbaruku kwa muda mrefu, kisha akaagiza iandikwe kwamba raia huyu anaelekea upande mmoja bila kuyumba.

Mbele ya sabuni aliondoa miwani.

"Bibi," alisema, "hii umeipika wewe? Bila mtaalamu? Bila semina?"

"Kwa mwiko, bwana mkubwa."

"Taja vipimo vyake. Vitahifadhiwa na taifa, visije vikapotea ukifa."

Sikudhani akataja: majivu kiasi gani, mawese kiasi gani, moto uwe wa namna gani, mchaichai utiwe lini. Akamaliza. Na lau angenyamaza hapo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini aliona haya kubeba sifa peke yake wakati mtaa mzima ulikuwa umemshika mkono. Huko Shukurani mtu anayejisifu peke yake huonekana hakulelewa.

"Andika na wenzangu, bwana mkubwa," alisema. "Mimi sikufika hapa peke yangu. Mzee Shomvi ndiye aliyenipa mkaa nilipompelekea sabuni. Bi Nyange alinirudishia mchicha. Na dada yangu huyu hapa, Bi Mwanakombo, alinirudishia mayai saba."

Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni na majirani wengine, akichungulia. Akacheka, akajitokeza mbele.

"Manane!" alisema. "Usinipunje mbele ya Serikali, mdogo wangu. Yalikuwa manane, moja lilivunjika mlangoni pako."

"Manane," alisema Bwana Fumbwe, na mwenye kalamu akaandika, na mwenye jalada akafunga. Siku ile mtaa mzima ulikuwa na furaha, kila mtu akitaka jina lake liandikwe pamoja na alichorudisha, na Bwana Fumbwe hakumnyima mtu.

*

Sikudhani alipewa Nishani ya Mwiko, Daraja la Tatu. Nishani yenyewe ilichelewa miezi miwili kwa sababu meli iliyoileta kutoka ng'ambo ilikwama. Alivishwa uwanjani, mbele ya mabango yaliyosema USINUNUE, na wageni wa heshima wakanawa mikono kwa sabuni ya kigeni kabla ya kula kuku wa kigeni. Bi Mwanakombo alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mbaruku aliitundika nishani sebuleni, mahali palipokuwa na pazia.

Haukupita muda, kikafunguliwa Kiwanda cha Taifa cha Sabuni ya Nyumbani. Mwenye kiwanda alikuwa shemeji yake Mlezi Mkuu. Ilielezwa kwamba zabuni ilitangazwa kwa haki, na kwamba tangazo lilibandikwa mahali ambapo raia yeyote anayekula chakula cha jioni Ikulu angeweza kulisoma. Sabuni iliitwa Jitengenezee. Sikudhani aliishika mara ya kwanza dukani, akainusa. Ilikuwa yake. Hata kosa lake la kuzidisha mchaichai lilikuwa limehifadhiwa na taifa kwa uaminifu.

Alirudi nyumbani akamweleza mumewe.

"Ni heshima," alisema Mbaruku, lakini polepole.

"Hawakunitaja."

"Labda karatasi ya kufungia ilikuwa ndogo."

Ikaja Sheria ya Kulinda Sabuni ya Nyumbani. Sheria ilisema sabuni ya nyumbani imo hatarini, na hatari kubwa inatoka majumbani. Kujitengenezea ya kuogea wewe mwenyewe, ruksa. Lakini mtu anayetoa sabuni na kupokea kitu, kiwe fedha au kisiwe fedha, amefanya biashara bila leseni, na jiko lake litafungwa kwa lakiri ya Serikali miaka mitatu: asiwashe moto, asichemshe maji, kila kitu anunue. Mbaruku aliisoma yote gazetini kwa sauti, akavua miwani.

"Haituhusu, mke wangu," alisema. "Sisi hatujauza hata kipande."

Hati ya kuitwa shaurini ililetwa kesho yake, na orodha ya Bwana Fumbwe ilikuwa imebanwa nyuma yake.

*

Sasa ilikuwa hivi. Majirani wakisema vile vilivyorudi kwenye sahani vilikuwa zawadi, Sikudhani angerudi kwenye sufuria yake. Wakisema ni malipo, jiko litafungwa, na nyumba isiyo na mshahara wala jiko itakula nini? Hakulala vizuri, ingawa redio ilisema amelala. Siku moja kabla ya shauri alivuka kwenda kwa Mwanakombo, akamkuta anachambua mchele uani.

"Dada, kesho."

"Kesho nini?" Mwanakombo hakuinua kichwa. "Mayai ni yangu, kuku ni wangu. Nani anajua niliyatoa kwa nini kama si mimi? Nenda kalale, mdogo wangu. Unanitia aibu kuja kuniuliza jambo kama hilo."

Sikudhani aliondoka akijiona mpumbavu kwa kuwa na wasiwasi. Njia nzima, ambayo ilikuwa hatua kumi, alijilaumu.

Baraza la Sahani lilikaa katika ukumbi wa Wizara. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene aliyesinzia kwa heshima, na mbele yake sahani ya Sikudhani, ile ile ya bati yenye maua mekundu, ilikuwa imefungwa kamba na kubandikwa namba. Mzee Shomvi aliitwa kwanza. Aliitazama dari.

"Kopo la mkaa," alisema. "Nilimlipa."

Sikudhani alimsamehe hapo hapo. Kibali cha mkaa hutolewa na Wizara, na mzee ana wajukuu sita. Bi Nyange alisema mchicha ulikuwa malipo, kisha akaanza kulia, ikaandikwa kwamba shahidi amelia kwa hiari. Naye akamsamehe. Amebaki mmoja, alijiambia, na huyo mmoja anatosha.

Mwanakombo aliingia amevaa kanga mpya. Sikudhani hakuyasoma maandishi yake kwanza. Aliona rangi tu, akafurahi kwamba dada yake amependeza. Kisha akaona kuwa kanga nzima imeandikwa Jitengenezee.

"Mayai manane," alisema Mwenyekiti. "Zawadi au malipo?"

"Malipo, mheshimiwa."

"Ulijuaje kwamba alitaka kulipwa?"

"Sikuanza kumjua leo wala jana," alisema Mwanakombo, na sauti yake ilikuwa imara, kama ya mtu aliyefanya mazoezi. "Nilipoona sahani nikajua anataka kitu. Huyu hatoi bure. Hajawahi kutoa bure."

Ukumbi ulinong'ona. Sikudhani angelimezea lile neno la malipo. Mtu anaweza kuogopa, mtu anaweza kuahidiwa kitu. Lakini lile la pili hakuna aliyemuuliza. Alilileta mwenyewe kutoka nyumbani, akalitoa kama nyongeza.

Hapo Bwana Fumbwe akasimama na kumnong'oneza Mwenyekiti, na Mwenyekiti akazinduka.

"Bibi Sikudhani," alisema, "Serikali ni mzazi. Sheria ina kifungu cha huruma. Mshitakiwa akitaja mtu mwingine aliyetoa kitu akapokea kitu, adhabu humhamia huyo aliyetajwa. Shahidi huyu ana jiko. Je, amewahi kukupa chochote?"

Mwanakombo akainua macho kwa mara ya kwanza. Walitazamana. Wizara ilikuwa imempa kanga, haikumwambia habari ya kifungu cha huruma.

Sikudhani alikuwa na hasira, tusidanganyane. Kwa muda mfupi aliliona jiko la Mwanakombo limepigwa lakiri, na moyo ukatamani iwe hivyo.

"Amenipa," alisema. "Alimnyonyesha mwanangu siku arobaini."

"Ukamrudishia nini?"

"Hakuna kitu cha kurudisha pale, mheshimiwa. Sikurudisha chochote. Ilikuwa zawadi."

"Una uhakika? Fikiri vizuri. Hata kitambaa? Hata neno la shukurani? Neno nalo ni kitu."

"Ilikuwa zawadi," alisema Sikudhani.

Mwenye kalamu akaandika: maziwa, siku arobaini, bila risiti. Sikudhani akamgeukia Mwanakombo akangoja. Hakutaka mengi. Alitaka neno moja tu, hata likija limechelewa, hata likija kwa kunong'ona. Mwanakombo aliinama akaanza kunyoosha ncha ya kanga yake, akainyoosha mpaka Mwenyekiti alipomaliza kusoma hukumu.

*

Jiko lilifungwa Jumatatu. Lakiri ilikuwa nyekundu na kubwa, na ilibidi Mbaruku atie sahihi kwamba ameipokea kwa furaha. Sufuria, mwiko na mawe ya kusagia vilichukuliwa na Jumba la Makumbusho, vikaonyeshwe kwa wanafunzi kama mfano wa bidii ya wananchi. Wimbo wa taifa ulipopigwa jioni ile, Mbaruku alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda, akitazama makatambuga yake mawili ya kushoto. Kibibi aliuliza kama redio imeharibika.

Mtaani sahani ziliacha kutembea. Watu walizifungia kabatini, na mtu akipika kitu chenye harufu nzuri alifunga dirisha kwanza. Taarifa ya Wizara ilisifu utulivu huo.

Sikudhani aliuza herini zake. Alinunua chai iliyochemshwa, alinunua wali uliopikwa, alinunua mpaka maji ya moto. Sabuni aliikwepa wiki tatu, akifua kwa maji matupu, mpaka mwalimu akamrudisha Kibibi nyumbani kwa sababu ya sare. Ikabidi aende. Duka la sabuni katika mtaa ule lilikuwa moja tu, na kibao chake kilisomeka: WAKALA WA JITENGENEZEE, BI MWANAKOMBO.

"Nusu mche," alisema Sikudhani, akaweka fedha juu ya meza.

Mwanakombo alichukua kisu akakata. Alifunga sabuni kwenye gazeti, akalifungua, akalifunga tena.

"Kibibi hajambo?"

"Hajambo."

"Nasikia alirudishwa nyumbani kutoka shule."

Sikudhani alinyoosha mkono apewe chake. Harufu ya mchaichai ilijaa dukani, imezidi kama kawaida, na alitamani kulia na kutukana kwa pamoja. Mwanakombo alitazama barabarani upande huu na upande ule. Kisha, haraka, akakata kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, akakiweka juu ya gazeti.

"Mpelekee mwanangu," alisema kwa sauti ya chini.

Sikudhani akakitazama kile kipande. Alikichukua kwa vidole viwili, akakirudisha juu ya meza, katikati, mahali ambapo kila apitaye angekiona.

"Hiki sijakilipia, Bi Mwanakombo," alisema, akachukua nusu mche wake, akaenda kumfulia mtoto wake sare.